Sekunde 4 kwa Shabaha Tano: Mlenga Shabaha Anavyojifunza Kuitumia Saa

Mtu anayetazama kwa mara ya kwanza mchezo wa Olimpiki wa bastola ya mita 25 ya kufyatua kwa haraka huondoka akiamini kwamba ameona mashindano ya wepesi. Mchezaji husimama akizielekea shabaha tano zilizopangwa safu moja, mkono wenye bastola ukiwa umeshushwa. Taa ya kijani inapowaka huuinua mkono huo mmoja, huipiga kila shabaha risasi moja, na kabla mtazamaji hajamaliza kuhesabu milio, taa nyekundu imekwisha kurudi. Ni rahisi basi kuhitimisha kwamba mshindi ni mwenye kidole chepesi kuliko wenzake. Hitimisho hilo limewapotosha wanafunzi wengi wa mchezo huu, kwa kuwa humfanya mtu afanye mazoezi ya kuikimbiza saa, ilhali kanuni hazimpi alama hata moja kwa kumaliza mapema. Anayepiga risasi ya tano katika sekunde ya 3.2 na anayeipiga katika sekunde ya 3.9 wako sawa mbele ya mwamuzi, isipokuwa wa kwanza ametupa sehemu saba nzima za kumi za sekunde ambazo angeweza kuzigawia risasi zake.

Ili kuelewa mazoezi ya kulenga kwa kupimwa muda, lazima kwanza tutenganishe aina za saa, maana michezo ya shabaha haitumii saa moja. Katika mchezo tunaouzungumzia, saa ni ukomo: ndani yake uko huru, nje yake risasi haihesabiwi. Katika mashindano ya shabaha ya vitendo yanayosimamiwa na shirikisho la IPSC, lililoanzishwa mwaka 1976 katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, saa ni kigawanyo: jumla ya alama hugawanywa kwa sekunde zilizotumika. Tuchukulie mchezaji amepiga risasi 12 na kupata alama zote 60 kwa sekunde 8. Kipimo chake ni 7.50. Mwenzake akipata alama 54 kwa sekunde 7, kipimo chake ni takriban 7.71, naye yuko mbele ingawa risasi zake tatu zimetoka nje ya eneo la katikati. Katika mfumo wa IDPA, chama cha kimataifa cha mashindano ya bastola ya kujihami, ambao mashindano yake yamewahi kufanyika hata katika uwanja wa Kirigiti, Kiambu, nchini Kenya, kila alama inayopotea huongeza sekunde nzima kwenye muda wa mchezaji, kwa hiyo pupa hutozwa faini palepale. Na katika bayathloni, mchezo wa majira ya baridi unaochanganya mbio za kuteleza kwenye theluji na kulenga shabaha, shabaha moja iliyokoswa katika mashindano mengi humpeleka mchezaji kuzunguka njia ya adhabu ya mita 150.

Tofauti hizi zina uzito mkubwa uwanjani, na ninaona kwamba hapa ndipo ushauri mwingi unaotolewa kwa jumla jumla huharibika. Zoezi linalomfaa mchezaji wa IPSC, yaani kupunguza sehemu ya kumi ya sekunde na kukubali kupoteza alama chache, ni sumu kwa mchezaji wa bastola ya Olimpiki. Kinyume chake nacho ni kweli: aliyelelewa kusubiri hadi ukingo wa muda atazikwa na kigawanyo cha IPSC. Kabla ya kuwasha kipima-muda, mtu ajiulize ni saa ipi anayojiandaa nayo. Kuanzia hapa nitabaki na saa ya ukomo, kwa sababu ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi.

Mchezo wenyewe una risasi 60 zinazogawanywa katika hatua mbili za risasi 30. Kila hatua ina duru mbili za risasi tano kwa sekunde 8, duru mbili kwa sekunde 6, na duru mbili kwa sekunde 4. Bastola ni ya risasi ndogo ya milimita 5.6, na kifyatulio chake hakiruhusiwi kulegezwa kiasi cha kuachia chini ya uzito wa gramu 1,000. Duara la 10 lina kipenyo cha milimita 100, na lile la 9 lina milimita 180. Baada ya amri ya kujiandaa, taa nyekundu huwaka kwa sekunde 7, na muda wote huo mkono lazima uwe chini, usizidi pembe ya nyuzi 45 kutoka mwilini. Ni taa ya kijani tu inayouruhusu kupanda. Alama za juu kabisa ni 600, na mwaka 2013 Christian Reitz wa Ujerumani alipata 593, yaani alipoteza alama saba tu katika risasi zote 60.

Sasa tuzigawe zile sekunde 4. Jicho na ubongo huhitaji karibu sehemu mbili za kumi za sekunde kuitikia taa. Kisha mkono hupanda, bastola hufika kwenye mstari wa shabaha ya kwanza, husimama, na risasi hutoka. Tukisema risasi hiyo ya kwanza imetoka katika sekunde ya 1.8, zimebaki sekunde 2.2 kwa risasi nne, nayo ni sekunde 0.55 kwa kila risasi ikiwa mchezaji atatumia muda wote. Akichelewa na kupiga ya kwanza katika sekunde ya 2.4, kila risasi inayofuata imebakiwa na sekunde 0.4. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya muda wa duru humezwa na risasi moja, na hatima ya zile nne huamuliwa kabla ya bastola kulia hata mara moja. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mazoezi ya mchezo huu haihusu kabisa kwenda haraka kutoka shabaha moja hadi nyingine. Inahusu kuinua mkono.

Kuinua mkono vizuri ni kazi yenye tabaka. Mwanzo wa safari mkono hupanda kwa kasi, mwisho wake hupunguza mwendo, na kabla haujasimama jicho linapaswa kuwa limekwisha kukipata kilengeo cha mbele, kile kijiti kilichosimama juu ya mtutu, ndani ya pengo la kilengeo cha nyuma. Kidole nacho hakingoji bastola itulie ndipo kianze kazi: huanza kubana kifyatulio wakati mkono ungali unapanda, ili zile gramu 1,000 ziwe zimepungua na kubaki chache tu mkono unapowasili. Anayeyatenganisha matendo haya mawili, akainua kwanza kisha akabana, hulazimika kuubana uzito wote kwa mpigo mmoja mwishoni, na mpigo huo huvuta vidole vingine vya mkono pamoja na bastola yenyewe.

Kwa nini mvuto mdogo namna hiyo udhuru sana? Hapa hesabu ndogo inasaidia. Kanuni haziruhusu umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma uzidi milimita 220, ilhali shabaha iko mita 25. Kosa lolote la mpangilio kati ya vilengeo hivyo viwili hukuzwa zaidi ya mara 110 linapofika kwenye shabaha. Kilengeo cha mbele kikienda upande kwa nusu milimita, risasi inaangukia karibu milimita 57 kutoka katikati, nje ya duara la 10. Lakini kama vilengeo viwili vimepangika sawasawa na ni mkono mzima uliosogea sentimita moja pembeni bila kubadili uelekeo, risasi nayo husogea sentimita moja tu, na bado iko ndani kabisa. Mwanafunzi anayelitazama doa jeusi la shabaha badala ya vilengeo anachunga kosa dogo na kuliacha kubwa lipite. Chini ya shinikizo la saa tabia hiyo huzidi, kwa kuwa jicho hutaka kukimbilia mbele kuona risasi imetua wapi. Kwa hiyo zoezi lolote la muda ambalo halimlazimishi mchezaji kueleza alichokiona kwenye vilengeo linafundisha nusu tu ya kazi.

Baada ya risasi ya kwanza ndipo inakuja safari ya kwenda shabaha ya pili. Kutoka katikati ya shabaha moja hadi katikati ya jirani yake ni sentimita 75, na kwa umbali wa mita 25 hiyo ni pembe isiyofika nyuzi mbili. Mkononi mwa mchezaji, safari hiyo ni kama sentimita 2 tu. Wanaoanza huifanya kwa kiwiko au kifundo cha mkono, na matokeo yake vilengeo hufumuka kila wanapohama. Walimu wazoefu hutaka mkono, bega na kichwa vibaki kama kipande kimoja, na mzunguko utoke kiunoni na chini ya kiuno, na kwa sababu hiyo namna ya kupanga miguu hupewa muda mrefu kuliko mtu wa nje anavyotarajia. Kuna pia faida ya bure ambayo mchezaji mzuri huichukua: kila risasi huirusha bastola juu kidogo, na badala ya kungoja irudi mahali pake kisha ihame, yeye huirudisha chini ikiwa imekwisha kuelekea shabaha inayofuata.

Uhusiano wa kasi na usahihi si jambo la hisia tu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa kusogeza mkono hadi kwenye lengo hutegemea uwiano wa umbali wa safari na upana wa lengo: kupunguza upana kwa nusu huongeza muda kwa kiasi kilekile ambacho kingeongezwa na kurefusha umbali mara mbili. Kwa mlenga shabaha, maana yake ni kwamba muda mwingi hautumiki kusafiri. Hutumika kusahihisha mwishoni mwa safari. Na kila sahihisho linaloongozwa na jicho lina gharama yake, kwa sababu jicho lazima lione kosa, ubongo uamue, na msuli utii. Katika nusu sekunde iliyopo kati ya risasi mbili kuna nafasi ya sahihisho moja hivi, pengine mawili, wala si manne. Anayetegemea masahihisho hatafika kokote kwa kujilazimisha ayafanye haraka zaidi. Atafika kwa kuufanya mwendo wa awali utue karibu na mahali panapotakiwa, hata kazi ya jicho ibaki kuthibitisha. Mwendo wa namna hiyo hujengwa kwa marudio mengi yaliyo sahihi, na marudio ya haraka yaliyo mabovu hujenga ubovu kwa uthabiti uleule.

Kwa hiyo mazoezi ya msingi hufanywa bila risasi. Mchezaji huhakikisha kwamba bastola na magazini ni tupu, huziondoa risasi zote katika chumba anamofanyia mazoezi, huelekeza mtutu kwenye ukuta salama, na huweka kipima-muda kitoe mlio wa kuanza na mlio wa kumaliza. Tahadhari moja ya ufundi: bastola nyingi za risasi ndogo huumia pini yake ikipiga pasipo kitu ndani ya chumba cha risasi, kwa hiyo hutumika vipande vya plastiki vya mazoezi, au ule mtindo wa kufyatua bila risasi uliojengwa ndani ya bastola za mashindano. Mwanzoni shabaha huwa ukuta mweupe usio na alama yoyote, kwa makusudi, ili jicho lisiwe na pa kukimbilia ila kwenye vilengeo. Mchezaji huinua, hubana, husikia kifyatulio kikiachia, na hubaki ametulia kitambo akitazama kama kilengeo kilitikisika. Kisha huongezwa shabaha moja, halafu mbili, halafu tano. Haya ni mazoezi makavu yasiyo na mlio wala moshi, na wengi huyachoka mapema, lakini ndiyo yanayofundisha kuinua mkono kwa namna isiyobadilika. Katika nchi zetu, ambako leseni ya silaha hudhibitiwa kwa ukali na risasi ni ghali, njia halali ya kuyafanya ni ndani ya klabu au chini ya taasisi yenye kibali. Bastola ya upepo ya mita 10 nayo husaidia sana katika sehemu ya kifyatulio na vilengeo, ingawa haina mshtuko wa baruti.

Mchezaji anapoingia uwanjani na risasi, kosa la kawaida ni kuanza moja kwa moja na duru kamili ya risasi tano kwa sekunde 4, kuirudia mpaka risasi ziishe, na kurudi nyumbani akiwa amerudia makosa yaleyale. Njia yenye tija ni kuivunja duru. Risasi moja tu kutoka mkono ulioshushwa, kwa muda wa sekunde 2, hurudiwa mara nyingi. Zoezi hili linakaribiana na hatua ya kasi ya bastola ya mita 25 ya wanawake, ambayo shabaha huonekana kwa sekunde 3 na kufichika kwa sekunde 7, risasi moja kila mara. Halafu risasi mbili kwa shabaha mbili, ili kupima mhamo mmoja peke yake. Halafu tano zote kwenye shabaha moja, ili kupima mdundo wa kidole bila mhamo wowote. Duru ikiharibika baadaye, mchezaji huyu ataweza kusema ni kipande kipi kilichoharibika, wakati mwenzake anayerudia duru nzima anajua tu kwamba alama zimeshuka.

Kuhusu mpangilio wa muda, walimu hawakubaliani. Wapo wanaoanza na sekunde 8, wakazishusha hadi 6 na 4, wakisema kwamba ufundi hujengwa polepole. Wapo wanaofundisha mapema mdundo wa sekunde 4, kwa hoja kwamba mwendo wa polepole ni mwendo tofauti, wala si ule wa haraka uliopunguzwa kasi. Nadhani ukweli uko katika kutenganisha vipande: kuinua mkono kubaki vilevile katika mida yote mitatu, na ziada ya sekunde 8 na 6 itumike kwenye utulivu wa kila shabaha. Mchezaji ambaye mkono wake hupanda kivivu kwa sababu ana sekunde 8 anafundisha misuli yake miinuo mitatu tofauti, na wa tatu, ulio mgumu kuliko yote, ndio unaopata mazoezi machache zaidi.

Hakuna lolote kati ya haya litakalosaidia bila kumbukumbu ya maandishi. Jumla ya alama peke yake haitoshi. Tuchukulie wachezaji wawili wamepata 46 kati ya 50 katika kila moja ya duru mbili za sekunde 4. Wa kwanza alama zake zilizopotea zimetawanyika, na risasi zake hutoka kwa vipindi vinavyolingana. Wa pili hupata 10 kwenye shabaha tatu za mwanzo, kisha hupoteza alama kwenye ya nne na ya tano kila duru. Kwenye karatasi ya matokeo wanafanana. Uwanjani wana magonjwa tofauti. Wa kwanza ana kazi ya kifyatulio na vilengeo. Wa pili pengine hana tatizo lolote la mkono: anachelewa risasi ya kwanza na kulipa deni mwishoni, au akili yake imekwisha kuhamia kwenye alama kabla ya risasi ya tano kutoka. Kipima-muda kinachorekodi wakati wa kila mlio hutenganisha mambo hayo mawili kwa dakika chache. Pembeni yake huandikwa utabiri wa mchezaji: kabla ya kutazama skrini, aseme kila risasi imeangukia wapi. Utabiri ukilingana na matundu, ameona vilengeo wakati risasi inatoka. Usipolingana, alikuwa akitazama kitu kingine, hata kama alama ni nzuri. Na duru moja ya 50 isimlevye mtu, kama vile duru moja ya 41 isivyopaswa kumvunja moyo. Wastani wa duru nyingi ndio unaoonyesha kama zoezi limefanya kazi.

Mfano wa Károly Takács wa Hungaria huelezwa zaidi kama kisa cha ushupavu, nami sina ubishi na hilo, lakini una somo la ufundi pia. Mwaka 1938 bomu la mkono liliuharibu mkono wake wa kulia, ule aliotumia kufyatulia. Alijifunza upya kwa mkono wa kushoto, na akashinda dhahabu ya bastola ya kufyatua kwa haraka katika Olimpiki za London mwaka 1948 na Helsinki mwaka 1952. Misuli ya mkono mpya haikuwa na mazoea yoyote ya silaha. Alichobaki nacho ni ujuzi wa jicho, mpangilio wa muda ndani ya duru, na kuelewa risasi njema inaonekanaje, na ujuzi huo ulitosha kuufundisha mkono mwingine.

Fainali huongeza ugumu ambao mazoezi ya kawaida huusahau. Duru zote ni za sekunde 4, na alama hazihesabiwi tena kwa duara: risasi ama imepiga, kwa kufikia 9.7 au zaidi, ama imekosa, bila daraja la katikati. Risasi ya 9.6 na ya 5 zina thamani moja, nayo ni sifuri. Leuris Pupo wa Kuba alishinda London mwaka 2012 kwa kupiga 34 kati ya 40. Li Yuehong wa China alishinda Paris mwaka 2024 kwa 32. Mabingwa wa Olimpiki, basi, wamepoteza risasi sita hadi nane katika siku bora ya maisha yao. Zaidi ya hayo, wachezaji wa fainali hufyatua mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo kila mmoja hupiga duru yake ya sekunde 4 kisha husimama akisubiri wenzake, akisikia milio yao na kelele za watazamaji, kabla ya kurudi tena mkono ukiwa umepoa. Klabu inayotaka kuandaa mchezaji kwa hali hiyo haina budi kuiga kusubiri kwenyewe: duru moja, kisha bastola iwekwe mezani, dakika kadhaa za kusimama bila kuinua mkono wakati wengine wakifyatua, kisha amri, sekunde 7 za taa nyekundu, na duru nyingine isiyotanguliwa na risasi ya kujipasha moto.